Mtu wa Nne Mstarini

Jumanne, 4 Juni 1996. Homa Bay

Shahidi amemtambua jambazi. Ndivyo alivyotangaza Inspekta Maranga mbele ya gwaride zima la utambuzi. Jambazi mwenyewe ni mimi!

Nilikwenda kituo cha polisi kutafuta habari za gazeti. Walipungukiwa na mtu mmoja wa kupangwa pamoja na mshukiwa, Momanyi, muuza ndizi wa Rangwe. Urefu wetu ni mmoja, nikakubali. Momanyi alikuwa wa nne. Sheria inamruhusu kuchagua mahali pake — akahamia mwisho. Mimi nikasukumwa pale pa nne.

Akaletwa Hemed, mwenye duka lililoibiwa kwa bunduki. Hakutazama uso wa mtu. Alihesabu huku midomo ikicheza, akafika kwangu, akanigusa bega.

Mchukuzi wa sokoni kando yangu: "Omera, ndugu yangu, umeanza ujambazi lini?" Mstari mzima ukacheka, hata Momanyi. Maranga hakucheka.

Jumatano, 5 Juni

Maranga kaniita ofisini, kaagiza chai. Eti gwaride la jana lilikuwa mazoezi tu. Na Momanyi ameshakiri kwa mdomo. Nimemwambia nitaandika nilichoona.

"Kumbuka aliyeguswa ni wewe, bwana mwandishi."

Nikamjibu: basi nishtaki! Nitawaita wote waliosimama nami, nianze na Momanyi. Chai nimeiacha mezani.

Ijumaa, 7 Juni

Mhariri kapiga simu kutoka Nairobi. Habari haitoki. Gazeti halitaki vita na polisi.

Sawa. Nimempa wakili wa Momanyi jina langu, niwe shahidi. Wizi wa mabavu ni kunyongwa. Kama Momanyi aliiba, sijui. Ninachojua ni kwamba hakutambuliwa.

Jumapili, 9 Juni. Migori

Nimempata Hemed kwa dada yake, Mwanamvita, nyuma ya duka la vitambaa. Dada alinizuia mlangoni — nimekuja kumwongezea mashaka gani ndugu yake? Hemed akasema niingie.

Anaapa hakudanganya. Siku ya wizi aliona mdomo wa bunduki, basi. Uso hakuuona. Baadaye koplo akamwambia: tumeshampata, atakuwa wa nne.

"Serikali ikisema imempata, mimi nani nibishe? Nilipokugusa niliamini. Na sasa ndugu yangu, nikikumbuka ule wizi, uso ninaouona ni wako."

Hakuwa anatania.

Nimemwambia ayaseme hayo kortini, vivyo hivyo.

"Wataniuliza kwa nini nilimgusa mtu nisiyemjua."

"Utawajibu."

"Kwako wewe ni rahisi kusema. Mimi duka langu liko palepale Rangwe, na polisi ndio hao hao."

Mwanamvita akadakia: "Kaka, na huyo wa ndizi akinyongwa, utapata usingizi humo dukani?"

Hemed kainamisha kichwa.

Kesi ni Jumatatu tarehe 17, saa tatu asubuhi, Homa Bay. Polisi watamfuata kwa gari lao. Nimemwambia nitasimama mlangoni mwa korti, anitazame vizuri kabla ya kuapa, akumbuke aliyemgusa ni nani.