Kisima cha Papa Hakina Kosa

Dada yangu Riziki,

Kabla hujaendelea, kaa chini. Yule mdogo wako uliyesema kichwa chake ni cha kubebea kofia tu, sasa anapima udongo na maji yaliyo chini ya ardhi. Mimi, niliyeacha sekondari mwaka wa pili. Ukimaliza kucheka huko Kalemie, soma habari yenyewe: kisima cha Papa hakitafukiwa. Ni safi. Mchafu ni mimi.

Unakumbuka Papa, marehemu baba yetu, alivyokichimba hapa Rugenge, sisi wawili tukivuta ndoo za udongo kwa kamba? Kila udongo ulipobadilika rangi alitaka tuumwage peke yake: mweusi, mwekundu, mchanga, halafu ule wa kijivu ulionukia mvua. Vichuguu vilijipanga mpaka mlangoni kwa Mama. Nikaviruka, nikavichanganya, ukanizaba kofi. Papa akasema kutoka shimoni, sauti kama iko ndani ya pipa: "Muache, atavipanga tena mwenyewe." Nilivipanga nikilia.

Basi, kwenye formasio, mafunzo yale ya mradi wa maji, injenyeri wetu Mama Zawadi alitoboa ardhi, akalaza udongo juu ya turubai, kila tabaka mahali pake. Wenye diploma wakafungua kaye zao, wakaandika. Mimi nikasimama: "Hii tulifanyaka nikiwa na miaka saba." Akaniambia nikae. Lakini ndiyo siku aliyoshika jina langu.

Sasa tuguse kidonda. Mwaka jana ziwa lilipopanda likaingia kwa jirani yetu Papa Elia, muuza esansi, bidoni zake, madumu ya petroli, zilielea barabarani kama bata. Siku zile zile maji yetu yakaanza kunuka esansi. Baraka wako akatapika mara mbili, ukafunga mizigo, ukaapa: "Mpaka kisima hiki kifukiwe, mwanangu hakanyagi hapa." Mama hakubishana. Aliagiza mawe ya kukifukia, yakamwagwa uani, na tangu hapo akawa anapita kando yake bila kuyatazama.

Mimi nilikwenda kumtukana Papa Elia mbele ya wateja wake. Akanijibu taratibu, "Weye mutoto, miye niko huku chini kwa ziwa. Maji inapandaka mulima?"

"Esansi yako iko na miguu," nikamwambia. Watu walicheka, nikarudi nyumbani mshindi.

Ndiyo maana nilimwomba Mama Zawadi tukipime kisima chetu kwanza. Nilitaka karatasi ya kumnyamazisha mzee. Tulishusha tepu ya kupimia kwenye visima vitatu, cha jirani wa juu, chetu, na cha Papa Elia, tukalinganisha vimo vya maji. Chini ya ardhi maji yanatoka mlimani kwenda ziwani, kutoka kwetu kwenda kwake. Nikasema labda tepu imeharibika.

 Mama Zawadi alinipa chupa ya maji safi, haijafunguliwa. "Mimina mu bidoni yenu ya kutekea, halafu kutoka humo unijazie hii chupa ingine."

"Mama injenyeri, leo tunapima maji ya duka?"

"Tunapima bidoni."

Nilicheka, dada. Majibu ya labo yaliporudi, maji ya duka nayo yalikuwa na esansi.

"Hii bidoni ilitoka wapi?" akauliza.

Unanijua, mimi sikosi jibu. Siku ile nilitoa la kweli. Unakumbuka nilipoangusha ndoo kisimani, ukaapa sitakula mpaka nilete nyingine? Nilikwambia bidoni ile nimeinunua sokoni. Uongo. Niliiokota kati ya zile zilizoelea kutoka kwa Papa Elia. Nikaikata mdomo, nikaiosha kwa sabuni, na kwa ujanja wangu nikaiacha inaning'inia ndani ya maji ili wezi wasiione. Plastiki ile ilikuwa imekunywa esansi miaka yote, ikawa inaturudishia kidogo kidogo.

Tulifunga ndoo mpya na kamba mpya, tukayatoa maji ya zamani, tukangoja kisima kijae, tukayatoa tena, ndipo tukapima. Kungoja majibu kulinikondesha. Muulize Mama, sikujisifu hata mara moja. Juzi karatasi ikaja: hakuna esansi. Nilimsomea Mama mara tatu, akataka ya nne. Kwa vijidudu dawa bado tunatia, hayo ni mambo mengine, lakini hofu iliyokufukuza imekwisha.

Kwa Papa Elia nilikwenda kuomba msamaha. Akangoja kwanza wateja wajae.

"Maji inapandaka mulima?"

"Hapana, Papa."

"Sema kwa nguvu, huyu wa nyuma hajasikia."

Mama alikuwa barabarani, akasikia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Sijamsikia akicheka hivyo tangu uondoke.

Mawe nimeyapanga kuzunguka mdomo wa kisima, ili matope ya mvua yasiingie. Nilipomaliza, Mama alichota, akatia dawa, akangoja. Kisha akachukua kikombe cha Baraka, kile ulichokisahau kwenye msumari, akakijaza na kuninyooshea. "Kunywa weye kwanza, injenyeri."

Nimekunywa, dada. Kikombe nimekiosha, nimekirudisha kwenye msumari wake. Mlete mwenye kikombe.

Ni mimi mdogo wako, mkata bidoni.