Kuruta Wangu Aliganda na Bomu Mkononi

Mshauri mpendwa, nisaidie, usingizi umenipaa. Mimi ni sajenti, nafundisha makuruta kurusha mabomu ya mkono, na mkuu wetu mpya wa chuo ameleta mafunzo ya kisasa, kuruta anavaa miwani ya kompyuta anarusha bomu la kwenye picha, na mimi mwenyewe niliyapenda kwa sababu wanaelewa haraka na hakuna anayeumia, lakini juzi tulipokwenda uwanjani kijana aliyeongoza darasa zima alivuta pini akaganda, nikapiga kelele "Rusha!", akanitazama tu kama mtoto aliyepotea sokoni, bomu likamponyoka, nikamsukumia nyuma ya ukuta nikamlalia, likalipuka, tukainuka wazima, midomo imejaa udongo. Nilipomweleza mkuu kwamba makuruta hawajawahi kushika hata bomu la mazoezi lenye uzito wa kweli, akasema, "Sajenti, dunia imekwenda, wewe bado unataka matope. Jumatatu kundi zima linarusha." Mwenzangu aliyembishia amehamishiwa ghalani kulinda magodoro, na mume wangu ananiambia, "Mama watoto, funga mdomo, tuna watoto wa kusomesha," nami kila nikifumba macho nasikia ule mlipuko, nifanyeje?

Sajenti Mwoga

JIBU

Dada sajenti, pole sana, na asante kwa kumkinga mtoto wa mwenzio kwa mwili wako. Ila hilo jina ulilojipa lifute, unalifanya kisingizio cha kunyamaza.

Mkuu wako si adui. Miwani ile ina kazi yake, hata wewe umekiri. Ulikosea kumwendea na malalamiko matupu, akadhani unalilia ya zamani. Mwendee na mpango: miwani kwanza, halafu bomu la mazoezi mpaka mkono uzoee uzito, ndipo la kweli. Usiende peke yako. Wachukue wakufunzi wenzako, na mpitie kwa msimamizi wa usalama wa uwanja. Kisha mwombe mkuu asimame nawe pale uwanjani kuruta wa kwanza anapovuta pini. Akisita, atakuwa amejijibu mwenyewe.

Mumeo usigombane naye, anawaogopea ninyi. Muulize tu: huyo kuruta angekuwa wetu, ungesemaje?

Na agizo lisipobadilika, kumbuka anayemkabidhi kuruta bomu ni wewe. Asiye tayari, usimpe. Utafokewa, pengine utahamishwa. Vumilia, angalau hutasimama mbele ya mama aliyefiwa ukitafuta maneno.

Kesho, kabla ya gwaride, gonga mlango wa mkuu, wenzako wakiwa nyuma yako. Sema ukiwa wima, kwa sauti yako ya uwanjani, na usitoke kabla hajajibu.