Jumatatu za Chumba Kimoja

Wizarani, Ghorofa ya Tatu
9 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Habari za huko, na goti lako linaendeleaje? Sisi hatujambo, ila mvua imerudi na paa la sebuleni linavuja palepale.

Barua yako niliipata. Kurasa mbili nzima umeuliza jambo moja tu: mwanao atarudi salama kutoka kwenye lile daraja la mpakani? Nilichelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kukwambia.

Wakubwa wa sasa walipeleka askari huko, mwanao akiwamo, bila kuwashirikisha watu wa biashara wala wa redio. Soko la mpakani likafungwa. Majirani wakaona bunduki tu, nao wakaleta zao.

Hapo nikazikumbuka Jumatatu zetu, Dada. Chumba kile chenye dirisha lisilofungika: wewe wa biashara, mimi wa mambo ya nje, mtu wa redio, na Kanali Radi akinywa chai kwa kishindo. Hatoki mtu mpaka tuwe na neno moja. Askari waonekane ila wasivuke, soko libaki wazi ili jirani naye awe na cha kupoteza, na simu ya kamanda wao ipokelewe saa yoyote.

Unakumbuka redio ilipopiga nyimbo za vita asubuhi ileile uliyofungua soko? Wachuuzi walitimua mbio, wakaacha hadi mizani! Kanali akampigia mwenzake wa ng'ambo: "Bwana mkubwa, hizo ni nyimbo tu, hatuji. Warudishe watu wako wanunue vitunguu." Nawakumbuka nyote mpaka moyo unauma.

Basi nikazunguka ofisi hadi ofisi, nikabembeleza, nikanuniwa. "Mzee, hayo ya kizamani," mkuu mpya wa jeshi aliniambia. Lakini nilimng'ang'ania, na Jumatatu wakakaa wote. Alhamisi soko likafunguliwa, na sasa makamanda wanasalimiana kwa simu kila asubuhi.

Jana mwanao alinipigia, analalamika kwelikweli: "Mjomba, huku tumechoka kukaa tu. Hakuna kinachotokea!" Nilipoweka simu chini nililia kwa furaha, mtu mzima mimi.

Nisalimie shemeji na wajukuu wote. Mungu ajalie mwanao aendelee kuchoka hivyohivyo mpaka zamu yake iishe.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku