Mkono Mzima Uliopakwa Mafuta

Alhamisi, baada ya isha

Nani kanituma kusema nilikuwa mpiga udi, mimi?

Mwanaidi, binti wa dada yangu, ananiamini tangu mdogo. Leo kanipeleka kwenye ule ua wa Ngamiani wanakofanyia mazoezi ya taarabu, na wachoraji nao wamo humo humo na rangi zao. Ndiyo kwanza wanampima sauti, waone kama anafaa kuimba nao. Kawaambia, "Huyu ndiye mjomba wangu. Alipiga udi Pangani mpaka bibi harusi akazimia."

Badala ya kunyamaza, nikaongeza, "Akazimia na mama mkwe!"

Wakacheka, wakanipa udi. "Haya mjomba, tuonjeshe."

Nikaupakata. Vidole vikapapasa shingoni kutafuta vile vyuma vya kugawa sauti, kama vya gitaa. Kumbe udi hauna. Mpigaji wao akainamisha macho.

"Mkono unamsumbua," Mwanaidi akasema haraka. "Nilisahau kuwaambia."

Hakunitazama. Kabla ya leo sijapata kumsikia mtoto yule akisema uongo.

Mchoraji mmoja akaja na mafuta ya karafuu, akapiga magoti. "Mkono upi, mjomba?"

Nikampa wa kulia. Akanisugua kidole kimoja kimoja. "Pole sana. Wazee kama nyinyi ndio mnaotutia moyo."

Nami, bila haya, nikasema, "Aa! Hapo, taratibu."

Tukirudi, Mwanaidi alitangulia hatua kumi mbele yangu. Na mimi, ninayejua kusema, nikamfuata nyuma.

Mafuta bado yananukia. Mkono wenyewe ndio huu ninaoandikia.