Mama, Usikate Kakao

Sumbawanga, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mpunga umesimama? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inanitafuna masikio.

Tumpe mdogo wangu, ukimsomea mama usiruke neno, hata pale utakapotaka kunitukana.

Mama, barua yenu nimeipata. Kumbe umeshakata migomba yote ya nyuma ya nyumba, ile aliyoipanda marehemu baba, ili nguzo za umeme zipite! Na Jumamosi vijana wa kanisani wanakuja kukata miti ya kakao. Niliposoma hapo chakula kilinishinda.

Nisamehe. Mimi si fundi umeme. Nilijitutumua tu. Kazi yangu ni kufyeka nyasi chini ya laini inayotoka Zambia, kwa panga, kuanzia mpakani. Tunapita kwa wenye mashamba tukiwaambia, "Ondoeni migomba, laini inapita hapa." Maneno hayohayo nikakuandikia wewe, nikajiona bwana mkubwa. Hakuna aliyenituma. Kama kuna nguzo zinakuja huko kwetu Makwale, mimi sizijui.

Hata huku umeme si wetu. Unatokana na maji ya Zambia, sisi tunauziwa. Juzi ulikatika ng'ambo, mashine za kusaga zikalala siku mbili, akina mama wamepanga foleni na madebe ya mahindi. Mzee mmoja akaona kofia yangu ya kazi.

"We fundi, umeme unarudi lini?"

"Kesho asubuhi, mzee."

Nikamdanganya hata yeye! Sijui nina ugonjwa gani, mama. Naona aibu mpaka kushika kalamu.

Tafadhali, usikate kakao. Ndiyo iliyobaki. Barua hii nimempa dereva wa lori la mchele anayerudi Kyela leo, ifike kabla ya Jumamosi. Waambie vijana kwamba mwanao ni mwongo. Wanicheke mimi, wasimcheke Tumpe anayekusomea.

Msalimie mjomba anayevuka mpaka wa Kasumulu na samaki wake. Na shangazi, nasikia ameshaning'iniza balbu sebuleni. Asiitoe, nitakuja kumwomba radhi nikiwa nimesimama chini ya balbu hiyo.

Nakuja mwisho wa mwezi. Machipukizi ya migomba nitayaomba mwenyewe kwa majirani, nyumba kwa nyumba, na kila nyumba nitaeleza kwa nini. Wewe nionyeshe tu baba alianzia kupanda wapi.

Ndaga fijo, asante sana, kwa kunivumilia.

Ni mimi mwanao, niliyekuwa nikisaini Fundi,

Ambokile, mfyeka nyasi