Mama Hataki Neno "Mabaki"

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo huko kwenye baridi? Mgongo umepona? Na wifi yangu, ule mguu umeacha kuvimba? Sisi wazima wa mwili tu. Mama anakula ukimkalia; ukiinuka, naye anasukuma sahani.

Tangu ulipotupigia simu kusema kaka hakuamka, nyumba imepoa. Mpaka leo nikitoka kazini nafungua simu nione kama ametuma zile picha zake za kujishaua na kofia ya ujenzi. Namlilia popote, hata kwenye foleni ya maji, watu wakinitazama.

Sasa kilichonikalisha niandike. Kampuni ya kaka ilikubali kumsafirisha hadi nyumbani, ila familia iombe kwa barua rasmi ya Kiingereza. Baba Mdogo akajitolea. Unamjua fundi saa wetu, kwa Kiingereza hashikiki. Akatoa kamusi yake ya visawe, akajifungia chumbani. Shuleni aliambiwa mtu mstaarabu harudii neno moja ndani ya barua. Basi mwanzo akaandika "body", chini akaandika "corpse", yaani maiti, na kwenye kichwa cha barua, kwa herufi kubwa, akaweka "carcass". Akaituma bila kunionyesha, mimi ninayeshinda nikichapa barua za watu.

Hilo neno ni mzoga, mdogo wangu. Juzi wamejibu, kwa adabu zote, kutoka idara ya mizigo: tuwatumie cheti cha daktari wa mifugo. Niliisoma nimesimama pale kazini. Kaka yetu, aliyekuwa akipiga pasi hata shati la kwendea dukani.

Baba Mdogo amefunga kibanda chake, anakaa tu. Nilikwenda nimejaa, nimpashe. Nilipoyaona macho yake nikameza. Masikini, alitaka barua ipendeze. Mama hajui, na ukimwambia tutakosana mimi na wewe.

Ikabidi niandike upya. Bosi wangu akaniambia neno la heshima wanalotumia wenyewe ni "remains". Nikamsomea Mama, akauliza maana yake. Nikamwambia ni kama mabaki. Akasema, "Mabaki ni mimi. Yeye ameondoka, niliyebaki ni mimi."

Nikapendekeza "the deceased", yaani marehemu. Akasema marehemu ni wengi, watajuaje kwamba huyu ni wa kwake. Nikachoka, nikamuuliza basi niandike nini. Akasema, "Andika mwanangu."

Nimeandika "her son" kuanzia kichwa cha barua hadi mwisho, bila kutafuta kisawe hata kimoja. Bosi anasema haijakaa kirasmi. Aseme. Barua yenyewe iko ndani ya bahasha hii.

Tafadhali ipeleke kwa mkono wako, wala usiipeleke idara ya mizigo. Uliza anayeshughulikia wafanyakazi. Kwenye karatasi zao wakiandika neno lao jingine, usibishane nao, sisi tunachotaka ni arudi. Mama ameshafua shuka za kitanda cha kaka, na hakuna anayethubutu kumuuliza za nini.

Msalimie sana wifi na yule mtundu wenu. Mama Mdogo anasema usiache kumpigia, hata kama huna la kusema. Baba Mdogo hajatuma salamu, lakini nampa nafasi yake hapa. Mungu akushike mkono huko uliko.

Jambo la mwisho. Siku ya kumtoa kaka mochwari, omba ruhusa kazini uende. Watazungumza Kiingereza chao kizuri juu ya kichwa chake, maneno laini laini. Waache wamalize. Kisha msogelee umwambie kwa Kiswahili, asikie mtu wa kwao: "Kaka, Mama anakusubiri."

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukutegemea.