Mjomba na stika za ramani

Shoga, sikia nilichofanya leo.

Ofisi yetu ya mipango miji, hii ninayofanyia kazi, ilikuja mtaani kwetu kuuliza watu maduka makubwa ya kuhudumia jiji na miji ya jirani yajengwe wapi. Kila mtu akapewa stika abandike kwenye ramani. Wote wakabandika pale sokoni.

Watu walipotoka, bosi wangu akaanza kuzibandua stika kwa kucha. Anabandua, anabandika upya kule barabara ya mchepuko kwenye mashamba matupu. Huku anapiga mluzi.

Mara akaingia mjomba. Mjomba wangu, yule fundi aliyetushonea sare za shule. Alirudi kuchukua miwani aliyoisahau.

"Mwanangu, mbona hiyo yangu unaihamisha?" akamuuliza bosi.

Bosi hata hakugeuka. Akamtupia karatasi nzima ya stika. "Chukua mzee, ukabandike nyumbani kwako."

Ukabandike nyumbani kwako. Kwa mjomba.

Na mimi nikacheka. Nilicheka kabisa, ili bosi anisikie.

Mjomba akanikazia macho. Ndipo bosi akanigeukia: "Kwani mnajuana?"

Mjomba akanijibia.

"Hapana, hanijui." Akachukua miwani yake, akatoka.